Mzee Chaki na Nati Iliyolegea Miaka Kumi na Sita

Marehemu hakumwamini mtu yeyote kuandika wasifu wake. Alisema watu wakifiwa hutia chumvi, na yeye hakutaka kusifiwa kwa mema ambayo hakuyafanya wala kufichiwa mabaya aliyoyafanya. Kwa hiyo mwaka 1985 alinunua daftari nene, akaandika juu yake "Nikifa, someni haya", akalifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo akauvaa shingoni. Mengi yatakayosomwa hapa yametoka kwenye daftari hilo. Familia imeongeza tarehe chache, na imesahihisha pale alipojipendelea.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mazao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mkulima na mama mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba amezalisha watoto wengi, lakini huyu ndiye pekee aliyefumbua macho na kuangalia mikono ya kila mtu chumbani. Mdogo wake alizaliwa mwaka 1949. Marehemu, akiwa na miaka mitano, alikitazama kile kichanga kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mama yake kama ana uhakika kwamba ni wa nyumba hii.

Alianza shule mwaka 1952 na kumaliza darasa la nane mwaka 1959. Hakuwa hodari wa hesabu, ila kwa kuhesabu vitu hakuwa na mwenzake. Alipofika darasa la tatu alipewa kazi ya kufuta ubao, na hapo ndipo alipookota kipande chake cha kwanza cha chaki. Tangu siku hiyo hakuachana nayo. Aliweka alama kwenye dawati lake, kwenye ndoo ya maji, kwenye soli za viatu vyake, ili akirudi ajue kama kuna mtu aliyegusa. Wenzake walimwita Chaki, na jina likamshika mpaka leo. Hata wajukuu wengine walijua ndilo jina alilopewa na wazazi.

Tarehe 2 Mei 1963 aliajiriwa kwenye karakana ya shirika la kilimo, akawa mtunza stoo ya vipuri kwa miaka ishirini na minne. Katika muda huo wote haikupotea hata skrubu moja. Mafundi walimwogopa kuliko meneja. Fundi akiomba beringi, ilimpasa kwanza arudishe ile mbovu, aeleze imeharibikaje, na asimame mahali penye mwanga. Yafaa kusema ukweli hapa, maana daftari limepita juu juu: marehemu aliijua kila nati kwa sura na kwa namba, lakini alikuwa akizitoa dirishani. Kuzifunga hakuwahi kuzifunga.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1967, alifunga ndoa na mshonaji wa nguo aliyekuwa akikaa mtaa wa pili. Mjane anasema alichumbiwa kama mzigo unaokaguliwa. Mara tatu marehemu alikuja kwao bila taarifa, ahakikishe kwamba msichana ni yule yule. Walijaliwa watoto wanne. Miaka yote ya ndoa marehemu aliweka alama ya chaki kwenye kopo la sukari, pale sukari ilipoishia, na miaka yote hiyo mkewe alikunywa chai yake ya saa nne, akafuta alama, akachora nyingine chini kidogo. Marehemu hakugundua. Mjane ameomba lisomwe leo, kwa sababu hakuna tena wa kumuuliza.

Baba yao alifariki tarehe 11 Juni 1987. Aliacha shamba, ambalo aligawa nusu kwa nusu, na trekta moja jekundu, kuukuu, lililotengenezwa kabla mdogo wa marehemu hajazaliwa. Trekta alimwachia marehemu. Jeki na sanduku la spana alimwachia mdogo, ambaye alikuwa fundi wa magari. Mzee hakueleza sababu. Wengi waliona ni ujanja wa baba anayetaka wanawe wasiachane. Marehemu aliona vingine. Kwenye daftari aliandika: "Kwa nini jeki iende kule na trekta libaki huku? Kuna mtu amemnong'oneza mzee."

Aliacha kazi mwaka huo huo, akaanza kulima. Tarehe 3 Novemba 1988, akiwa katikati ya shamba la jirani, gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuyumba. Aliposhuka alikuta habu, ile sehemu nzito ya katikati inayolishika gurudumu kwenye ekseli, inachezacheza, na nati yake kubwa imelegea. Mafuta yalikuwa yameanza kuvuja. Jana yake tu alikuwa ameikaza mwenyewe, kwa spana ndefu ya kuazima aliyoichomekea bomba kwenye mpini. Na jana hiyo hiyo alimwona mdogo wake akitoka kwenye banda la trekta.

"Ulikuwa unatafuta nini bandani kwangu?" alimuuliza.

"Nilifuata jembe langu, kaka."

"Jembe! Na nati imelegezwa na jembe?"

"Nati gani tena?"

"Unaijua. Anayeuliza nati gani ndiye anayeijua."

Mdogo wake alicheka, akidhani ni utani. Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Marehemu aliapa hataigusa jeki ya mtu yule maisha yake yote. Jioni ile, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, pale alipokuwa ameanza kuorodhesha watakaobaki nyuma yake, alifuta jina moja na kuandika: "Ndugu: hana." Kesho yake alisimama uani akamwambia mdogo wake kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Nimeshakuondoa kwenye daftari. Siku yangu ikifika usihangaike kuja."

Kuanzia hapo alikaza nati ile karibu kila wiki, na karibu kila wiki ililegea. Alichora mstari wa chaki kutoka kwenye nati mpaka kwenye ncha ya ekseli, na mstari ulikatika. Alinunua kufuli, kisha kufuli la pili la kulinda lile la kwanza. Alimwaga unga kwenye sakafu ya banda ili apate nyayo za mwizi, akapata za kuku na zake mwenyewe. Akazichunguza zake pia. Mjane anakumbuka kwamba alifuata unga mwingine jikoni, na siku hiyo nyumba nzima ilishinda kwa maji na maneno.

Mwezi Machi 1989 mdogo wake alimwona akikazana na lile bomba, jasho linamtoka, akamwita kutoka ng'ambo ya ua: "Kaka! Liinue kwanza gurudumu! Njoo uchukue jeki!" Marehemu aliliacha bomba chini. Aliingia ndani akaandika: "Leo ameniambia niliinue. Anataka liniangukie." Wiki iliyofuata alihamisha geti likaelekea upande mwingine.

Miaka kumi na sita ndugu wawili waliishi hatua sitini kutoka mlango hadi mlango bila kusalimiana. Watoto walimtembelea Baba Mdogo kwa kujificha, na mjane alipitisha salamu za shemeji yake chini chini kama magendo. Marehemu alikonda kwa ajili ya nati ile. Inauma kuyasoma haya mbele yenu, lakini yeye mwenyewe alitaka yasomwe.

Tarehe 18 Desemba 2004 binti yake wa pili, ambaye alikuwa amehitimu chuo cha ufundi mitambo mwaka huo, alimkuta bandani asubuhi akining'inia kwenye bomba lake.

"Baba, huwa unaliinua kwanza?"

Marehemu aliliachia bomba. "Nani kakutuma?"

"Nani anitume? Nakuuliza tu. Unakaza gurudumu likiwa limekanyaga chini hivi?"

"Sasa likanyage wapi?"

"Juu, baba. Likiwa chini, uzito wote wa trekta unaikandamiza habu upande mmoja, haikai sawasawa kwenye ekseli. Wewe unaona nati imekaza. Ukienda hatua mia mbili habu inajikalisha, nati inabaki na nafasi, basi, imelegea. Hakuna mtu anayeilegeza. Inalegea yenyewe."

Binti anasema baba yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha aliingia ndani, akafungua sanduku, akafunua daftari mpaka Machi 1989. Akasoma mstari ule mara nyingi. Alirudi na macho mekundu, akaanza kumhoji binti kama amewahi kufundishwa na Baba Mdogo, lini, na nani alikuwepo. Alipokosa la kushika, alisema, "Basi nenda kaiazime hiyo jeki. Usimwambie ni ya nini."

Mdogo wake hakuitoa kwa mkono wa mtu. Aliibeba mwenyewe begani, akalizunguka geti lililohamishwa, akaiweka chini mlangoni mwa banda. Ilikuwa inang'aa.

"Mbona haina kutu?" Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la marehemu kwa ndugu yake baada ya miaka kumi na sita.

"Naipaka mafuta kila mwezi."

"Kwa nini?"

"Nilijua utaihitaji, kaka."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nasikia gurudumu likigonga kila ukipita."

"Sasa si ungeniambia!"

"Nilikuambia."

Marehemu aliisogeza jeki chini ya ekseli. Waliinua gurudumu. Mdogo alishika spana, mkubwa akalilalia bomba, binti akaangalia kama habu imekaa. Walilishusha, wakalisukuma trekta hatua chache, wakaliinua tena, wakakaza tena. Marehemu alitoa chaki akachora mstari wake. Kwa wiki sita aliukagua kila asubuhi, akiwa na shaka ile ile, na mstari haukukatika. Hakusema samahani. Tulichokiona ni kwamba aling'oa geti akalirudisha lilipokuwa.

Mwezi Oktoba 2017 alianza kusumbuliwa na figo, akawa mtu wa kulazwa na kutoka. Wodini aliwashuku wote. Kwa kuwa chaki haishiki kwenye plastiki, aliomba plasta na kalamu, akaweka alama kwenye chupa ya dripu. Muuguzi alimwambia, "Mzee, dawa hii haiibiwi." Alimjibu, "Ndivyo wasemavyo wote." Siku nyingi hakufumba macho, isipokuwa mdogo wake akiwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Hapo alisema, "Wewe angalia chupa, mimi nisinzie kidogo," na alisinzia kweli. Alifariki hivyo hivyo, Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, saa nane mchana, usingizini, mdogo wake akiiangalia chupa.

Mjane alipofungua sanduku la bati, watoto walikuwa wamemzunguka. Mdogo wa marehemu alibaki nje kwenye ngazi. Alikijua kilichoandikwa ukurasa wa mwisho, maana alitangaziwa uani, na hakutaka kukisikia mara ya pili. Kisha binti yule wa pili alitoka na daftari likiwa wazi, akampa asome mwenyewe. Maneno "Ndugu: hana" yalikuwa yamekatwa kwa mistari miwili. Chini yake, kwa tarehe 18 Desemba 2004, siku ile ile ya jeki, palikuwa pameandikwa: "Ndugu: yupo, mmoja. Nilimdhulumu. Wasifu huu asome yeye. Hatatia chumvi."

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, vitukuu wawili, na mdogo wake, ambaye ndiye amesimama mbele yenu na karatasi hii.

Hakutia chumvi.

Pumzika kwa amani, kaka. Trekta lililokuleta hapa tumelikagua tulipofika. Alama haijasogea.