Makomamanga ya Najet na Kisanduku cha Kutafutia

...na ndiyo maana, Mheshimiwa Mkurugenzi, nilikwambia pale mlangoni kwamba siwezi kuusifu ukumbi huu mpya wa maktaba, wa kutafutia makala, bila kumtaja mke wangu. Ukacheka, ukasema, "Mtaje, Sofiene, lakini kwa kiasi." Nilisema nitajitahidi. Sikuahidi.

Mheshimiwa Abdelwaheb, Mkurugenzi wa chuo chetu. Daktari Ridha na walimu wote. Bi Saloua, mkuu wa maktaba. Wazee wangu wa chama cha maji cha Chenini, mnaogawa zamu za kumwagilia mashamba. Wazazi, wanafunzi, na wewe Najet uliyeketi pale ukijifanya hunijui: amani iwe juu yenu.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia za wanafunzi. Mimi ni fundi wa pampu za maji hapa hapa Gabès, na shule niliishia sekondari. Ndoa yangu ni changa mno, hata hina haijafutika mikononi mwa mke wangu, na kila nikiitazama moyo unaniruka. Msicheke. Hina hiyo ndiyo iliyonifikisha maktaba.

Najet aliuliza swali kwa ajili ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho: kwa nini makomamanga ya kwetu yanapasuka kabla ya kuiva? Hakulitoa darasani swali hilo. Kila msimu baba yake huokota matunda yaliyochanika na kuwatupia mbuzi, na Najet amekua akimtazama. Lakini nyumbani, kwenye simu, kila alipotafuta alipata matangazo ya sharubati. Naye Daktari Ridha, msimamizi wake, kwa haki kabisa, akamwambia: "Niletee makala tatu za kitaalamu kabla maktaba haijafungwa Alhamisi. Ukizikosa, mada hii naifuta, nitakupa nyingine." Makala za namna hiyo ziko kwenye hifadhidata ya chuo, na hifadhidata hufunguka kwenye kompyuta za maktaba tu.

Na Alhamisi, ndugu zangu, ilikuwa siku ya hina! Bibi harusi wangu alikuwa amekaa juu ya mto, mikono na miguu imefungwa vitambaa, asiweze kushika hata kijiko. Nani aende? Nikaenda mimi, simu sikioni.

Nikakiona kile kisanduku cheupe cha kutafutia. Nikaandika kama nilivyolelewa: "Salaam aleikum. Mchumba wangu Najet anauliza kwa nini makomamanga ya baba yake yanapasuka kabla ya kuiva. Mungu awabariki." Nikabonyeza. Hakuna kitu. Hata makala moja.

"Umeandika nini?" akauliza Najet. Nikamsomea. Kumbe simu yake ilikuwa imewekwa sauti kubwa, nyumba nzima ya wanawake ikaangua kicheko. Nikamsikia shangazi yake, Bi Mbarka: "Mwacheni, mtoto ana adabu zake! Hata mashine anaiamkia!"

"Sofiene, futa salamu."

"Nimefuta."

"Mfute baba."

"Nimemfuta, Mungu anisamehe."

"Nifute na mimi."

Hapo nilikwama. "Nikufute wewe? Leo?"

"Nifute, mpenzi wangu, la sivyo Daktari ataifuta mada!"

Nikamfuta, kwa uchungu. Yakabaki maneno mawili, komamanga na kupasuka. Akaniambia niyaandike kwa Kifaransa pia, kwa kuwa wataalamu wengi wa nchi hii wameandika kwa lugha hiyo. Makala zikamiminika hadi nikaogopa. "Ongeza umwagiliaji," akasema. Zikapungua, nyingi zikiwa za viwanda na biashara. Bi Saloua, aliyekuwa akinisikiliza tangu salamu zangu, akainama begani kwangu: "Mwanangu, hapa pamewekwa alama ya miaka ya karibuni tu. Iondoe. Kwani makomamanga yameanza kupasuka juzi?"

Nikaiondoa. Na hapo ikatokea! Makala ya zamani, ya watafiti wa sehemu kavu kama yetu. Walisema mti ukikaa na kiu muda mrefu, ganda la tunda hukakamaa; maji yakija mengi kwa ghafla, punje huvimba ndani na ganda haliwezi kutanuka. Nikasoma kwa sauti, taratibu. Upande wa pili wa simu wanawake wakaanza kuhesabiana siku, maana wao ni wa Chenini, wa familia za wakulima, na wanajua jinsi zamu za maji siku hizi zinavyoachana mbali.

"Soma tena," akasema Najet. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha: "Sasa nenda mwisho, kwenye marejeo, uone wao walisoma nini."

Huko tukazipata mbili nyingine. Nikamtumia Daktari zote tatu, Bi Saloua akiwa tayari ameshika funguo. Jibu likaja: "Mada imekubaliwa. Hongera kwa harusi." Nilipomsomea Najet, nyumba ililipuka vigelegele. Niambieni, ni wapi tena makala za kilimo zimepigiwa vigelegele?

Wanafunzi, mara ngapi mmesema, "Nimetafuta, hakuna kilichoandikwa"? Mlitafuta wapi? Kwa maneno gani? Mliyabadilisha? Mliuliza? Ukumbi huu umefunguliwa leo, na mtu asitoke humu akisema hakuna kabla hajauliza upya, na upya tena. Nasi wenye familia tutawaletea chakula, tutawashikia watoto, na ikibidi tutawaandikia. Bila salamu.

Naona Mzee Amara wa chama cha maji anatikisa kichwa. Alishaniuliza pale nje: "Hiyo kompyuta imewahi kushika jembe?" Hapana, mzee wangu. Lakini walioandika yaliyomo ndani yake waliwauliza walioshika. Sasa Najet anajua wengine walipata nini kwao. Hajui kama ndivyo ilivyo kwetu. Anahitaji miti ya kujaribia, inyweshwe maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Baba yake ametoa safu moja, na safu moja haitoshi. Chama cha maji kikikataa kugawa zamu upya kwa miti michache, utafiti huu utabaki karatasi.

Mkurugenzi, walimu, Bi Saloua, nawashukuru kwa mlango huu mliotufungulia, na nyote kwa kunivumilia mimi na mapenzi yangu. Nawe Mzee Amara, hutapata nafasi ya kutukataa kwa mbali. Kabla ya mwezi huu kwisha, mimi na mke wangu tutafika shambani kwako, tutabisha hodi, na hatutaondoka mpaka utuonyeshe miti tutakayoanza nayo.