Treni ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Uliye jikoni, punguza moto uje karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Wengi wenu mliwahi kumsikia na hamkuwahi kumwona. Tunamkumbuka mtangazaji wa stesheni ya reli, aliyefariki wiki tatu zilizopita akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Walimwita Bi Tahadhari. Kila tangazo lake lilianza hivyo: "Tahadhari, abiria." Hata nyumbani kwake, akiomba chumvi mezani, watu walimtania: "Tahadhari, abiria, chumvi inaingia." Naye alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Sauti yake haikuwa na haraka. Ungedhani amemaliza shughuli zake zote asubuhi, sasa kabakiwa na wewe tu.

Alitangaza treni kwa miaka kumi na tisa, mpaka reli ilipofungwa. Miaka kumi na tisa katika chumba chenye dirisha moja la kioo, kipaza sauti kimoja, na saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika mbili. Ratiba haikuwa mezani. Ratiba ilikuwa kichwani mwake. Treni sita kwa siku, na kila moja aliijua saa yake na njia yake. Akiulizwa, alijibu kabla hujamaliza kuuliza. Hiyo ratiba ya kichwani, wasikilizaji, ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyomponza.

Reli ilipofungwa, stesheni ikabaki na popo wake. Kisha, miaka mitatu iliyopita, ikafunguliwa tena ikiwa hoteli ya mapumziko. Mabehewa yakawa vyumba vya kulala. Ukumbi wa kungojea ukawa ukumbi wa chakula. Ofisi ya tiketi ikawa mapokezi, na pale palipopangwa tiketi pakatundikwa funguo. Wahudumu wakavaa kofia za reli. Ilipendeza, tusiwe wanafiki.

Ila burudani ilikwenda mrama tangu mwanzo. Walileta bendi ya ufukweni. Wachezaji walivaa sketi za majani, wakarusha moto juu, mpiga gitaa akaimba mawimbi na mchanga, na pembeni yao kumesimama kichwa cha treni. Mgeni mmoja mzee, mwenye fimbo, akamwita yule mpiga gitaa.

"Baba, samahani. Bahari iko wapi?"

"Mzee wangu, bahari unajiletea mwenyewe."

Watu walicheka. Meneja hakucheka. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona: burudani lazima ifanane na mahali. Mgeni akilala ndani ya behewa, basi na akisikiacho kiwe cha reli. Mpiga gitaa akamjibu mbele ya wahudumu wote, "Bosi, mtu kulala kwenye behewa hakumlazimishi kuota reli. Watu wanataka kucheza." Walivutana mwezi mzima. Nyinyi mngekuwa upande gani? Mimi nilipoisikia habari hii mara ya kwanza, nilikuwa upande wa meneja. Sasa sijui.

Meneja akauliza kama yule mama wa matangazo bado yu hai. Aliyemjibu alikuwa mwanamke wa mapokezi, miaka thelathini na minane. "Yupo. Ndiye aliyenilea."

Huyu wa mapokezi tumjue vizuri. Mama yake mzazi alikuwa mdogo wake Bi Tahadhari, toka nitoke, fundi cherehani. Alifariki katika ajali ya treni, mtoto akiwa na miaka miwili. Bi Tahadhari akamchukua mtoto, na mtoto akakua akimwita Mama Mkubwa. Na akakua akisimuliwa jinsi mama yake alivyokufa. Alikuwa anapeleka sare za shule kwa mteja, kwa treni inayopanda, yaani ya kwenda bara, ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Lakini aliingia treni inayoshuka, ya kwenda pwani. Treni inayoshuka ikaanguka darajani. Ukoo mzima ulilijua hilo, na ulilisema kwa kauli moja: alijichanganya, maskini, alikuwa kichwa maji.

Kichwa maji. Binti akisahau daftari, aliambiwa, "Umemrithi mama yako." Akimwaga maziwa, "Umemrithi mama yako." Shangazi walisema, wajomba walisema, na mwisho akajisemea mwenyewe. Bi Tahadhari peke yake hakuwahi kulitamka neno hilo. Hakuwahi pia kulikanusha. Aliinuka tu, akaenda kuangalia kitu jikoni.

Basi Bi Tahadhari akarudi stesheni, safari hii kama burudani. Chumba kile kile, kioo kile kile. Jioni ya kwanza alisema, "Tahadhari, abiria," na uma zikatua kwenye sahani. Wageni wakatoka na glasi zao mpaka ukingoni mwa njia ya reli, wakapungia mikono reli tupu. Wapo waliolia. Mwanamume mmoja alikuja siku tatu mfululizo na begi, akakaa kwenye benchi mpaka tangazo la mwisho, akainuka akaondoka. Hata mpiga gitaa alinyoosha mikono. Akaanza kupiga polepole, nyimbo zisizo na maneno, kila baada ya tangazo. Meneja alitembea kifua mbele.

Kisha meneja akaikuta ratiba ya zamani stoo. Akaitia fremu, akaitundika ukutani. Wageni si vipofu. Wakahesabu. Ratiba ina treni sita. Bi Tahadhari anatangaza tano.

"Mama, umeisahau ya saa kumi na mbili na nusu," meneja akamwambia.

"Sijaisahau. Hiyo siitangazi."

"Lakini ndiyo saa ya chakula. Ndipo ukumbi unapojaa."

"Basi watakula."

Alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena. Hakupata kitu. Mkata tiketi wa zamani, ambaye sasa anatembelea mkongojo, aliniambia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Tangu ile ajali mpaka reli kufungwa, miaka sita, ikifika treni hiyo Bi Tahadhari alimpa kipaza sauti. "Alikuwa ananiambia, nishikie hiki, naenda nje kidogo. Sisi tulidhani ni msiba. Nani angemlaumu?"

Sasa sikilizeni ilivyokuwa Jumamosi ile.

Wageni walikuwa wengi. Binti wa mapokezi akachanganya funguo mbili, familia moja ikaingia behewa la wengine. Haikuwa kesi. Binti akacheka, akaomba radhi, akawaambia kwa utani, "Mnisamehe. Mama yangu alipanda treni ya kwenda siko, mpaka leo hajarudi. Sisi ndivyo tulivyoumbwa." Wageni wakacheka naye. Nyuma ya kioo, hatua nne kutoka pale, Mama Mkubwa wake alikuwa anasikia.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, kipaza sauti kikawaka. Maneno yake tunayo, maana meneja alikuwa akirekodi kila jioni. Nitayasoma taratibu.

"Tahadhari, abiria. Treni inayopanda, ya saa kumi na mbili na nusu, iko njia ya kwanza. Narudia, njia ya kwanza. Siku ile mimi nilisema ya pili, ilikosimama treni inayoshuka. Mafundi walikuwa wanatengeneza reli, mkuu wa stesheni akabadilisha njia, akaniandikia karatasi. Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Sikuisoma. Nilisema nilichokuwa nacho kichwani. Baada ya dakika moja nikasahihisha, abiria wakashuka, wakahama, wakicheka. Mdogo wangu alikuwa keshaingia ndani na mizigo yake, hakusikia. Hakuangalia kibao, kwa sababu aliyesema ni dada yake. Mdogo wangu hakukosea. Mwanangu, unanisikia? Mama yako hakukosea. Alinisikiliza mimi."

Halafu, wasikilizaji wapendwa, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Walidhani ni mchezo. Walisimama, wakapiga makofi, mwingine akapiga mluzi. Hawakuwa wamewahi kuona burudani inayofanana na mahali kiasi hicho. Mpiga gitaa ndiye peke yake aliyefahamu. Akalilaza gitaa lake chini.

Binti wa mapokezi alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa mbele. Bi Tahadhari alimwona akipita kwenye kioo. Binti hakugeuka.

Nilikwenda kuonana na binti huyu. Aliniambia nisimpambe, niseme yalivyokuwa. "Nilimnunia siku kumi na moja. Tunaishi nyumba moja. Ananiita nije kula, siitiki. Asubuhi ananiwekea maji ya kuoga mlangoni, nayaacha yanapoa. Si kwamba nilimchukia kwa lile kosa. Kosa kila mtu hukosea. Nilimchukia kwa ile miaka thelathini na sita aliyokaa akisikiliza watu wakimcheka mama yangu. Na mimi nikiwa mmoja wao."

Akaendelea: "Siku ya kumi na moja alisimama mlangoni kwangu. Akasema, mwanangu, nitukane basi. Nikamwambia, nina usingizi."

Alfajiri ya siku ya kumi na mbili hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Binti alimkuta ameshika kitambaa cha sare ya shule, cha buluu, kimoja kati ya vile vilivyobaki kwenye cherehani ya mdogo wake. Hakuwa amewahi kukiona. Hajui kilikuwa kinafichwa wapi katika nyumba ambayo amefagia maisha yake yote.

Siku hizi hotelini hakuna mtangazaji. Ipo rekodi. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, meneja anaiwasha, kwa heshima ya marehemu, anasema, na wageni ndiyo wanayoiomba. Na binti amerudi kazini. Anasimama mapokezi, funguo nyuma yake, anamsikia Mama Mkubwa wake akimwelekeza mama yake njia ya kwanza. Anasikia, "Mwanangu, unanisikia?" Anasikia na makofi, maana nayo yamo. Kila siku ya Mungu.

Mpiga gitaa alimfuata meneja, akamwambia huu ni unyama. Meneja, naye si mtu mbaya, akaenda mapokezi akiwa ameshika kofia. Akamwambia binti, sema neno moja tu, naizima. Binti hakusema.

Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia kule kwenye njia za reli, zilizoota majani, akanijibu bila kunitazama: "Ndugu mtangazaji, ukoo mzima ulisema mama yangu ni kichwa maji. Wako hai wengi, na bado wanasema. Duniani nina sauti moja tu iliyosema hakukosea. Nikiizima, atasema nani?"

Kwa familia ya marehemu, poleni sana. Poleni walioko mbali na walioko karibu. Kwa waliofanya naye kazi, mkata tiketi, mpiga gitaa, na meneja pia, poleni. Mola amlaze pema. Na sisi tuliobaki, kila mmoja akae leo ajiulize: yuko nani nyumbani kwetu anayebeba jina baya la kosa langu, nami nainuka naenda jikoni? Kama yupo, na bado unapumua, usingoje kipaza sauti.

Nami kabla sijaondoka nina tangazo. Linasikika kila nyumba yenye redio, shangazi na wajomba wakiwemo. Fundi cherehani aliyekufa darajani miaka thelathini na sita iliyopita hakujichanganya. Aliambiwa njia ya pili, akaenda njia ya pili. Hakukosea. Narudia: hakukosea.

Dada yangu wa mapokezi, limeshasemwa. Ukitaka kuizima, izime.