Miaka Sabini na Miwili ya Kuijaribu Ngoma

Kasisi wetu, ndugu wa ukoo wa Sugano na wa Hangai, majirani wa Kambi ya Nane mliobaki na mliotawanyika, nanyi nyote mliofika hapa hekaluni asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 13 Julai 2019, tunawaomba mketi, na waliokosa viti wasogee kwenye kivuli cha mnara ule wa mbao pale uwanjani, kwani umeshasimamishwa na hautaondolewa, na sababu yake mtaisikia. Kazi ya kusoma amekabidhiwa Clifford Hangai, mpwa wa marehemu, kwa maelezo ya familia kwamba ana sauti kubwa, ingawa marehemu mwenyewe alizoea kusema kuwa Clifford sauti anayo, cha kusema ndicho hana. Leo anacho.

Marehemu Bi Kikuno Hangai Sugano alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa hapa Kambi ya Nane, kambi ya wakata miwa kisiwani Kauai, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Gohei Hangai na Bi Ise, waliotoka Fukushima kuja kukata miwa, wakaaga kwao kwamba wanakwenda miaka mitatu tu, na wote wawili wamezikwa kwenye kilima mnachokiona nyuma ya hekalu. Mzee Gohei ndiye aliyetengeneza ngoma ya kambi mwaka 1929, akitumia pipa kubwa la mchuzi wa soya, lenye ngozi pande mbili zilizokazwa kwa kamba, na kila Julai ngoma hiyo ilipandishwa mnarani, watu wakacheza kwa duara kuwapokea marehemu wao wanaorudi kuwatembelea, na kila nyumba iliyofiwa ikaangika taa ya karatasi yenye jina la mtu wake. Bi Ise alikuwa akimlaza mtoto chini ya mnara wakati watu wanacheza, na alisimulia kwamba Kikuno halii ngoma ikipigwa, analia ikisimama.

Alianza shule ya kambi mwaka 1937, asubuhi akisoma Kiingereza na mchana Kijapani, mpaka Desemba 1941 vita dhidi ya Wajapani ilipoingia, shule ya mchana ikafungwa, kasisi akachukuliwa na askari, na watu wakaanza kuchoma au kuzika chochote kilichotoka kwao, picha, barua, hata nguo za harusi. Mzee Gohei hakuwa na moyo wa kuichoma ngoma, akaificha mahali ambapo aliamini hakuna askari atakayepekua, yaani nyuma ya rundo la kuni ndani ya bafu la kambi, lile bafu moja la maji moto ambamo watu wote walijitosa baada ya kazi, na askari kweli hawakuiona. Ila mzee wa watu, kwa hofu aliyokuwa nayo, alisahau kwamba bafu hilo lilikokewa moto kila siku ya Mungu.

Tarehe 18 Februari 1943 Bi Ise alifariki kwa homa ya mapafu, na Julai ilipofika hapakuwa na mnara, wala taa, wala ngoma, kwa sababu yote hayo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kikuno alikuwa na miaka kumi na miwili, akamuuliza baba yake, “Sasa Mama atajuaje njia ya kuja?” na Mzee Gohei akajibu, “Atasubiri,” jibu ambalo marehemu alisema lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Mwaka huo huo mzee alisagwa mkono wa kulia na mashine kiwandani, akawa hawezi tena kushika mikwiro ya ngoma, na Kikuno aliacha shule Juni 1945 akiwa amemaliza darasa la nane, akabaki kumtunza baba na mdogo wake Noboru, ambaye ndiye baba yake msomaji.

Vita ilipokwisha na ruhusa ya kucheza ikatoka kwa Julai 1946, watu walikwenda bafuni kwa shangwe kuitoa ngoma, wakakuta ngozi ya mbele imepasuka kwa moto na ya nyuma imeoza kwa mvuke, na Mzee Gohei alipoigonga kwa mkono wake mzima ilitoa mlio wa gunia lililolowa. Mzee Tokuji Endo, aliyekuwa amechaguliwa na kamati ya dansi kushika nafasi ya mpigaji, aliikagua, akatikisa kichwa, akasema, “Basi, tutacheza mwaka ujao.” Kikuno alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, na alihesabu kichwani mwake kwamba mama yake amekwishasubiri Julai tatu, na hii ikiwa ya nne, nani atamlaumu akichoka na kuacha kuja kabisa. Kesho yake alitembea maili sita mpaka kwa Bwana Medeiros, mfugaji Mreno, akafua na kupasi nguo za nyumba nzima kwa wiki mbili, akalipwa ngozi mbichi mbili za ng'ombe.

Ngozi hizo alizilaza mtoni na majivu, akazikwangua manyoya kwa panga la kukatia miwa, akazianika nyuma ya nyumba, na uvundo wake ukawafanya wanakambi kutuma wazee kumwambia Mzee Gohei amkanye bintiye, naye mzee akawasikiliza kwa heshima zote, akawapa chai, wakaondoka, kisha akaenda kumwonyesha binti namna ya kupitisha kamba. Mzee alikuwa na mkono mmoja, binti alikuwa na miwili isiyojua kazi, na kati yao ngoma ikasimama, ikavutwa ikavutika, na siku tatu kabla ya dansi ikalia. Kamati ilifurahi sana, ikaichukua ngoma, ikamshukuru Kikuno, ikampeleka jikoni kufinyanga matonge ya wali pamoja na kina mama.

Jumamosi tarehe 20 Julai 1946 uwanja huu ulijaa mpaka barabarani, taa za miaka minne zikaangikwa kwa pamoja, ya Bi Ise ikiwa ya pili kutoka mlangoni, na Mzee Endo akapanda mnarani akaanza kupiga, watu wakacheza duru mbili hivi, mara manyunyu yakaanza kushuka kutoka mlimani. Ngozi mpya ikikutana na unyevu hulegea, jambo ambalo Mzee Endo hakulijua, na kadiri sauti ilivyokuwa inafifia ndivyo alivyozidi kuitwanga, mpaka ngoma ikakata sauti kabisa, duara likasimama, na watu wakabaki wameduwaa wakitazama juu. Kikuno alitoka jikoni na jiko la makaa mkono mmoja, akapanda ngazi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuikanyaga. “We binti, shuka,” Mzee Endo akamwambia, “mwanamke hapandi huku, wafu watashangaa.” Naye akajibu bila kumtazama, “Sijaja kupiga, Mzee. Nimekuja kujaribu.”

Akaikausha ngozi kwa makaa taratibu, akazikaza kamba moja baada ya nyingine, kisha akaomba mikwiro ili asikie kama imekubali, na Mzee Endo akampa. Alipiga mara tatu, akasikiliza, akapiga tena, na kule chini miguu ya watu haikungoja kuambiwa, duara likaanza kuzunguka, wazee wakaanza kuitikia wimbo, na Mzee Endo akinyoosha mkono kuomba mikwiro yake, Kikuno anamwambia, “Bado kidogo, Mzee, upande huu haujakaa sawa.” Haukukaa sawa mpaka dansi ilipokwisha. Marehemu alisema kwamba muda wote huo hakuyaondoa macho kwenye taa ya pili kutoka mlangoni, na kwamba alilia na kucheka kwa wakati mmoja, kwa sababu alijua kwa hakika, kama mtu anavyojua kuna mtu ndani ya nyumba, kwamba mama yake amefika.

Kamati ilikutana Jumatatu yake ikiwa na kazi ngumu ya kuamua ni kosa gani limetendeka, na kwa kuwa kila mjumbe alikuwa amecheza, ikaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu, ambacho tunacho hapa na anayetaka akiangalie, kwamba mpigaji wa ngoma ni Bwana Tokuji Endo na mwenye kuijaribu ni binti Hangai. Kila mwaka yaliandikwa hayo hayo, na kila mwaka Mzee Endo alipanda mnarani na mikwiro, akamkabidhi Kikuno aijaribu, akaketi pembeni akijipepea kwa upepeo wake mpaka mwisho. Alipokuwa anafariki, Machi 1971, alimwita kitandani akamuuliza, “Umejaribu miaka ishirini na mitano sasa. Imekubali?” Kikuno akamwambia, “Bado kidogo, Mzee,” wakacheka wote wawili, na Julai ile alipopiga chini ya taa ya Mzee Endo alipiga mpaka mkwiro mmoja ukavunjika, ingawa kitabuni alibaki kuandikwa mwenye kuijaribu.

Kuanzia Septemba 1951 marehemu aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya wilaya, akafanya kazi hiyo miaka arobaini na miwili hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1993, na wengi mliokaa hapa mmekula chakula chake na kukaripiwa kwa kubakiza. Tarehe 16 Januari 1954 alifunga ndoa na Bwana Yoshinobu Sugano, dereva wa lori la miwa, aliyejuana naye pale Yoshinobu alipomlalamikia kwamba ngoma yake inakwenda mbio, akajibiwa kwamba ngoma haina tatizo, ni miguu yake ndiyo imechelewa, na miaka karibu hamsini ya ndoa yao yenye upendo mwingi haikuitibu miguu hiyo. Walijaliwa watoto wawili, Wendell mwaka 1955 na Lorna mwaka 1958, wajukuu wanne na vitukuu wawili, na Bwana Yoshinobu alitangulia tarehe 4 Novemba 2003.

Kimbunga kilipokipiga kisiwa hiki tarehe 11 Septemba 1992, paa la hekalu lilipatikana kwenye shamba la jirani, na nyumba ya marehemu ikabaki kuta mbili, lakini ngoma haikuguswa, kwani asubuhi ile alikuwa ameipakia kwenye gari akaifungia ndani ya stoo ya zege ya jikoni shuleni, katikati ya magunia ya mchele, akisema ataiweka popote duniani isipokuwa bafuni. Julai iliyofuata wapo waliopendekeza dansi iahirishwe mpaka paa lirudi, naye akawauliza kama marehemu wao watakuja kwa ajili ya paa, na hakusubiri kujibiwa, akaenda kuokota mbao za kujengea mnara. Wanaokumbuka wanasema haijawahi kuchezwa dansi kama ile, watu hawana makazi, nguo za kuazimana, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2016, madaktari wakamkataza ngazi, akawaitikia vizuri kabisa, na Julai mbili zilizofuata alipanda. Mara yake ya mwisho ilikuwa tarehe 14 Julai 2018, akiwa na miaka themanini na saba, akipiga ameketi kwenye kiti cha jikoni, na tulipomshusha alisema upande mmoja bado haujakaa sawa. Alilazwa tarehe 27 Juni mwaka huu, na Jumapili iliyopita viongozi wa kamati walikwenda kumwambia kwa upole kwamba wanafikiria kusogeza dansi mbele kwa heshima yake, na waliokuwapo wanashuhudia kwamba aliinuka kwenye mto. “Niliifanya kambi nzima inuke uvundo wa ngozi ili ngoma hii isikose Julai hata moja,” aliwaambia, “leo nife mimi ndiyo inyamaze? Mkishaniaga asubuhi, msiende kulala, nendeni mkavae.”

Kasisi alipomweleza kwamba kwa desturi taa yake haitaangikwa mwaka huu, kwa vile siku arobaini na tisa za matanga zitakuwa hazijatimia, na kwamba atapokelewa kama mgeni Julai ijayo, alifikiri kidogo, akasema, “Vizuri. Basi mwaka huu mimi si mgeni, niko kazini.” Alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lorna, na Lorna anasema kidole kimoja kilikuwa kinagonga taratibu, na kiliendelea kugonga mpaka mwisho.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia alipokuwa akisahihisha uji wao, kina mama wa hekalu ambao tangu Jumatano hawajatoka jikoni, walimu na wapishi wa shule aliyoitumikia, ukoo wa Medeiros walioleta ngozi mpya mwezi Mei na hawakukubali kufuliwa nguo, na kamati, ambayo jana iliandika kwenye kitabu kile kile kwamba ngoma ya mwaka huu ni ya Bi Kikuno Sugano, mpigaji, neno ambalo hawakuwahi kumwandikia kwa miaka sabini na miwili. Atakayepanda mnarani jioni hii ni Bi Tracy Endo, muuguzi, mjukuu wa Mzee Tokuji, aliyefundishwa na marehemu kwa miaka kumi na mmoja, na alipoulizwa na kamati aandikwe nani, alisema yeye hapandi kupiga, anapanda kujaribu tu. Mzee Endo, popote alipo, asishangae.

Dansi inaanza saa moja na nusu, mvua ikinyesha makaa yako tayari, na hakuna anayeruhusiwa kusimama pembeni kwa kisingizio cha msiba. Pumzika kwa amani, Shangazi, kuanzia kesho.