Herufi Niliyoionea Haya

Sifa ni kwa Bwana aliye karibu nasi, ndugu zangu, karibu kuliko tunavyodhani.

Mimi ni Liberata, mwalimu wa Kiswahili, nakaa Niboye, hapa Kigali. Nimeombwa niandike yale niliyoyasema kwa kifupi Jumapili, kwa sababu wengi mlinifuata baada ya ibada mkiuliza habari za tovuti, na mama mmoja akauliza kama seva ni aina ya pepo. Hapana, mpendwa. Seva ni kompyuta tu. Nitaeleza polepole.

Maisha yangu ya kwanza yalikuwa ya kiburi. Si kiburi cha kelele. Kilikuwa kiburi kisafi, cha kupiga pasi. Nilikulia Karagwe, Tanzania, na tuliporudi Rwanda nikajiona mwenye Kiswahili kuliko wote. Ninafundisha watumishi wa ofisi za Kacyiru, na mnajua ndimi zetu: R na L kwetu ni mapacha. Siku moja afisa mmoja, mtu mzima, alinisalimu, "Mwarimu, iko vizuri?" Nikamjibu mbele ya darasa, "Mwalimu. Inua ulimi." Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Na mimi niliyekuwa nikisahihisha watu, kitambulisho changu kimeandikwa Riberata. Karani aliandika alivyosikia. Niliionea haya herufi ile hata nikawa natoa kitambulisho huku kidole gumba kikiwa juu ya jina.

Sasa niwajulishe habari za Mama Zubeda. Ni Mwislamu wa Tanga, anauza vitenge Gitega, mtaa wa hapahapa Kigali, na ndiye aliyenisomea masomo yote ya tovuti yangu. Tulirekodi dukani kwake, katikati ya marobota ya vitenge ili sauti isirudi. Alisoma salamu, methali, hadithi za watoto, kila neno limechambuliwa kama mchele wa sikukuu. Mwaka uliofuata akaugua koo, akafanyiwa upasuaji. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini sasa ananong'ona tu. Sauti ile haitarekodiwa tena.

Ndugu zangu, tovuti ni kama duka. Jina lake ni ubao wa mlangoni. Chumba chenyewe, mahali maandishi na sauti vinapokaa, ndicho seva, na chumba hicho unakipanga kwa mtu. Unaweza kupanga hapa Kigali, unaweza kupanga ng'ambo. Na ubao unaweza kuusajili kwa huyu, chumba ukapanga kwa yule.

Mume wangu Faustin alinishauri, "Panga hapa. Ukipata shida unapanda pikipiki, unagonga mlango wa mtu."

"Vya hapa ni vya kujaribia," nikamwambia. "Mimi nataka kitu cha uhakika."

"Haya, mzungu wetu," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Jina la tovuti alikwenda kulisajili yeye, hapahapa mjini, na kitambulisho changu mkononi. Chumba nilipanga mimi, ng'ambo, nikiwa likizo kwa dada yangu Mwanza, kwa laini ya simu niliyoinunua huko. Walipouliza jina langu, nikajisahihisha. Niliandika Liberata, kwa L nzuri kabisa.

Miaka miwili mambo yalikwenda salama. Nisiwadanganye: huduma ilikuwa nzuri, na kila kitu kilifunguka. Kisha kompyuta yangu ikafa, pamoja na nakala zote za sauti. Sikuogopa, kwa kuwa sauti zilikuwa kwenye tovuti. Nikanunua kompyuta nyingine, nikaandika neno la siri ili niingie kwenye chumba changu. Mtambo haukuitambua kompyuta mpya. Ukatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu yangu. Simu gani? Ile laini ya Mwanza, iliyokwisha kufa zamani.

Nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu: tuma picha ya kitambulisho. Nikatuma. Wakajibu tena kwa adabu: mwenye chumba ni Liberata, wewe ni Riberata, hatuwezi kumfungulia mtu mwingine. Nikaeleza kwamba kwetu ni jina moja. Wakaomba hati ya mahakama yenye majina yote mawili. Siwalaumu. Walikuwa wanamlinda Liberata dhidi yangu.

Mkataba wa mwaka ulikuwa umebakiza siku nane, na kuuongeza kulihitaji kuingia ndani, nilikofungiwa. Siku ya tisa kila kilichomo kingefutwa. Hati ya mahakama haipatikani kwa siku nane.

Nilifunga na kuomba. Na ndani ya maombi, wapendwa, sikuona maono. Niliona uso wa yule afisa ambaye hakucheka. Nikajua pa kuanzia. Asubuhi nilikwenda Kacyiru nikamwomba radhi, mlangoni pa ofisi yake.

Akanitazama. "Ni kitu gani imekufika, Mwarimu? Leo hata hunisahihishi."

Nikamweleza. Akasema, "Dada yangu mdogo anakodisha hizo seva. Iko hapo chini, ghorofa ya pili. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Huyo dada anaitwa Solange. Ofisi yake ina meza mbili na feni inayolia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kitambulisho changu, na safari hii sikuweka kidole.

"Liberata, Riberata," akasema. "Sasa hao wanasema ni watu wawili?"

"Ndiyo."

"Yewe! Mimi ni Solange, bibi yangu ananiita Sorange mpaka leo. Basi tuko wanne hapa ndani." Akacheka peke yake, kisha akaniuliza, "Mwarimu, tovuti bado inafunguka kwa watu?"

"Inafunguka. Wanafunzi wanasikiliza kila siku."

"Sasa unalia nini? Mlango wa nyuma umefungwa, lakini duka iko wazi. Tunaingia kama wateja, tunachukua somo moja moja, tunatoka nayo."

Ndugu zangu, nilikuwa nimehangaikia ufunguo wa nyuma hata nikasahau kwamba kila sauti ilikuwa inasikika mbele, bila ufunguo. Tulikaa siku mbili, tukapakua masomo yote. Yalitimia.

Ikabaki ubao. Bila jina, wanafunzi wangu wasingejua tulikohamia. Solange akaandika jina la tovuti kwenye kompyuta yake ili aone limesajiliwa kwa nani. Akageuza kioo nisome.

Riberata. Kwa R. Kama kitambulisho.

Waliomsajilia Faustin walikataa kuandika kitu kingine chochote ila kilicho kwenye kitambulisho. Herufi niliyoificha kwa kidole miaka yote ndiyo iliyosema tovuti ni yangu. Tuliwapelekea kitambulisho, na kabla jua halijazama, jina lilikuwa linaelekeza kwenye chumba kipya kwa Solange, hapahapa Kigali, na siku sita bado zilikuwa zimebaki.

Sisemi ng'ambo ni kubaya. Kama wasomaji wako wengi wako Kanada, chumba cha huko kitawafaa kuliko cha hapa. Kama wako Kigali na Bukoba, cha karibu huwafungukia upesi zaidi. Lakini kabla ya kupanga popote, jiulize: nikifungiwa nje, nani atanitambua? Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama unalionea haya. Ukibadili simu, wajulishe. Na nakala ya kazi yako iwe pia nyumbani kwako. Mimi sasa ninayo kwenye flashi, kabatini, chini ya Biblia.

Jumamosi nilikwenda Gitega, nikaiweka simu juu ya meza ya vitenge, nikafungua somo la kwanza. Mama Zubeda akajisikia akisema, "Hodi, hodi wenyewe." Alifunga macho. Kisha akaitikia kwa kunong'ona, kama anavyoitikia mgeni, "Karibu."

Namshukuru Mungu. Kama kuna aliyefungiwa nje ya kitu chake leo, asikate tamaa. Amwendee Bwana jinsi alivyo, kwa jina alilo nalo. Yeye haombi hati. Anatujua kwa L, na anatujua kwa R.

Ni mimi dada yenu,
Riberata, Mwarimu.