Wimbo wa Rangi wa Maman Antoinette

Wapendwa muliofika hapa Ixelles kutuliza familia, mimi ni Bertin, mudogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na munivumilie, kwa sababu kwaya yake hapa nyuma yangu bado inabishana namna ya kumuimbia, na roho yangu haijatulia.

Maman Antoinette alizaliwa Uvira, kule Kongo, tarehe 9 mwezi wa sita 1958, akasoma hukohuko, akafundisha watoto toka 1979, akafunga ndoa na papa Sylvestre tarehe 1 mwezi wa nane 1981, Mungu akawapa Darlène na Bienaimé, vita ikamuacha mjane, na mwaka 2001 akafika hapa Bruxelles, Ubelgiji, akakaa mtaa wa Saint-Gilles, akitunza wazee na kuongoza kwaya yetu.

Mwaka 2005 aliingia musée, ile nyumba ya kuonyesha sanaa, akasimama mbele ya michoro ya karibu miaka mia iliyopita, isiyo na muntu wala nyumba, ni miviringo, pembetatu na rangi tu, akarudi akisema zile ni nyimbo, donc hakutulia tena, akajifunza kuchora, na kwa sababu wengi wetu hatusomi noti akaanza kutuchorea sauti juu ya vitambaa, soprano njano, alto nyekundu, wanaume buluu, muviringo mukubwa pumzi ndefu, pembetatu ndogo mwendo wa haraka. Tulimucheka, jamani, tukaita ile kazi matambara, na bado tukaimba vizuri kuliko zamani.

Mwaka 2013 kansa ya tumbo ilimulaza, na kule hospitali akaanza kuchora wimbo wa maziko yake mwenyewe, akigombana na rangi ya chungwa, na manesi, na mimi, mpaka tarehe 11 mwezi wa tano 2014 alipotuacha, upande wa mwisho wa kitambaa ukiwa mweupe.

Bon, wengine wanataka tumalizie na aleluya, wengine wanasema ule weupe ni kimya alichokusudia, lakini hata Darlène aliyemushikia brosi ya kuchorea hajui, basi hakuna wa kumumalizia, tutaimba mpaka rangi inapoisha, hata kama ni katikati ya neno.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa kazi, na majirani waliovumilia harufu ya rangi kwenye ngazi.

Dada yangu, pumzika kwa amani, na kama huko pia roho inakataa kupumzika, malizia wewe mwenyewe, sisi tutabaki tumesimama, midomo wazi.