Mchanga Nilioumwaga Shambani kwa Benta

Sogeeni, wanangu, na wewe Nyaboke mke wangu niwekee mto mgongoni, maana pumzi iliyobaki si ya kupigia kelele. Levis, zima hiyo redio. Caren, shika kalamu uandike ninavyosema, wala usinipambie maneno. Nitasema Kiswahili, lugha iliyowalea ninyi watoto wa Mjaluo na Mgusii, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakuelewa. Na yule mama aliyeketi mlangoni, aliyekataa chai yetu tangu asubuhi, msimsumbue na kikombe tena. Huyo ni Benta, mke mdogo wa marehemu Otieno, mtoto wa baba yangu mdogo. Nilimtuma ndugu yenu Ken amfuate Kisegi anakoanika dagaa wa omena, na amekuja. Hilo peke yake limezidi ninachostahili.

Sikilizeni. Watu wa Ndhiwa waliniita Daktari wa Magugu, na nilicheka pamoja nao, kwa kuwa ilikuwa kweli. Wenzangu walisomea watu na ng'ombe, mimi nikasomea majani ambayo bibi yenu aliyang'oa akayatupa nje ya ua. Nimetembea milima ya Gwassi na bonde la Lambwe nikikausha majani katikati ya magazeti ya zamani, na nimegombana na wakubwa waliotaka kufyeka kila kichaka, nikiwaambia kwamba gugu ni mmea uliokosa wakili, na kwamba mboga ya osuga mnayokula kwa ugali iliitwa gugu na mtu asiyejua kupika. Hayo sijutii. Mkinisifu kwa hayo siku ya maziko, sifuni. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nina ugonjwa mwingine ambao madaktari wa Homa Bay hawakuuona.

Kayongo mnaijua. Ua lake zuri, la zambarau, na ukiliona limechanua mahindi yako yamekwisha nyonywa chini kwa chini, yamedumaa, yamekuwa manjano. Mbegu yake ni vumbi, na mche mmoja humwaga maelfu kwa maelfu, zikalala udongoni hata miaka ishirini zikingoja mzizi wa hindi. Wilaya nzima ilikuwa inalia. Shamba moja tu hapa kwetu lilikuwa safi, la Benta, kwa sababu tangu aolewe alikuwa anapita kila mstari akiinama, akiing'oa kayongo moja moja kabla haijachanua, na kuichoma. Hakufundishwa na daktari yeyote. Mgongo wake ndio uliomfundisha.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nafanya utafiti wa kupata mbegu ya mahindi inayoweza kuvumilia kayongo. Shamba la kituoni lilikuwa limechafuka, huwezi kujua gugu lipi ni la mwaka huu na lipi la mwaka juzi. Nilihitaji udongo safi, niuchafue mwenyewe kwa kipimo, nihesabu. Mnanielewa? Nililichagua shamba la mjane kwa sababu lilikuwa safi.

Nilikuja na mchanga kwenye ndoo mbili. Ndani ya mchanga nilikuwa nimechanganya mbegu za kayongo, ili zisambae sawasawa. Benta akaniuliza, "Shemeji, hii ni nini?" Nikamjibu, "Ni dawa." Mdomo huu huu. Nilijiambia kwamba nikimweleza ukweli atakataa, na kwamba baada ya misimu mitatu tutasafisha kila kitu, kwani mpango wa kusafisha ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi. Kisha akasema jambo la pili: "Mikayi hajarudi kutoka Kendu Bay. Siwezi kutia mbegu ardhini kabla yake." Ninyi mnajua mila yetu, mikayi, yaani mke mkubwa, ndiye hutangulia kupanda, wa chini yake akafuata. Mikayi alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake, na alihitaji wiki moja tu. Lakini mvua ilikuwa imeanza na kalenda yangu ilikuwa imekwisha chapishwa. Nikamwambia, "Hii si kupanda, shemeji. Hii ni kazi ya serikali, mila haiihusu." Akanitazama, akaniamini, akainama kwenye mstari kupanda mahindi yangu.

Jioni ile aliniletea kuku, jogoo mwekundu, kunishukuru kwa dawa. Nyaboke, wewe ndiye uliyempika. Wahenga walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, na mimi miaka sita miguu yangu imekuwa ikielekea kwake usingizini na mchana, nami naivuta irudi.

Msimu wa kwanza utafiti ulifaulu. Nilipigiwa makofi Nairobi, nikapandishwa cheo, na paa hili la mabati mekundu mnalolala chini yake limetoka katika makofi yale. Msimu wa pili wafadhili wakajitoa, gari likachukuliwa, na mpango wa kusafisha ukabaki karatasi. Ningeweza kuja na jembe langu. Ningeweza kuwaita ninyi watatu tukang'oa. Sikuja, kwa sababu mtu anayeng'oa huulizwa anang'oa nini.

Mwaka wa tisini na tano shamba la Benta lote lilichanua zambarau. Watu wakasema ni chira, laana ya mvunja mila, kwamba alimtangulia mikayi kupanda na sasa ardhi inamkataa. Wazee wakaketi pale pale ukingoni mwa shamba. Mzee Mirumbe, Mungu amrehemu, akaniuliza mbele ya wote: "Daktari, wewe umesoma. Hii ni kayongo tu, ama ni chira?" Benta alikuwa amesimama na jembe. Hakunitazama kwa kuomba, alinitazama akingoja, kama mtu anayejua ndugu yake atasema. Nami nikasema, "Sayansi ina mipaka yake, wazee wangu. Mambo ya mila mimi siyajui."

Caren, umeandika? Andika yote.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka Benta amgusie mbegu zake. Akina mama walihama mstari alipofika. Mwaka uliofuata akafunga virago akarudi kwao Kisegi, na mimi nilimwona akipita na kitanda chake juu ya mkokoteni, nikaingia ndani. Wanasema apandaye ndiye avunaye. Uongo. Mimi nilipanda, Benta akavuna.

Nipe maji, Ken. Basi, yatosha.

Sasa maagizo. Levis, mwanangu wa kwanza, usiangalie sakafu, niangalie mimi. Shamba la kando ya mto, lile nililokuahidi, ambalo umekwisha lilima na Jumatatu ulitaka kupanda, si lako tena. Ni la Benta. Hati iko kwenye sanduku la bati na nimekwisha kuizungumzia na naibu wa chifu. Najua umelitolea jasho. Najua utasema babako amelipa kosa lake kwa jasho lako, na utakuwa umesema kweli. Nikasirikie mimi, kaburi langu litavumilia. Usimkasirikie yeye.

Shamba lake la zamani linakuja kwetu badala ya hilo, nalo ndilo nawarithisha ninyi watatu. Msilikodishe wala msilikimbie. Kila msimu mtaingia, mtang'oa kayongo kabla haijachanua, mtaichoma. Nilizijaza mbegu mle asubuhi moja tu, ninyi mtang'oa miaka ishirini. Caren, utakuwa na nywele nyeupe. Na kwa kuwa umechagua kazi yangu, shika hili moja: ukihitaji udongo wa mtu, mwambie unachoweka ndani yake, hata kama atakataa, hata kama utafiti utakufa. Ndani ya kabati, nyuma ya vitabu, iko chupa yenye vumbi jeusi. Hayo ni masalio ya mbegu zile. Ichomeni kabla mwili wangu haujatoka mlangoni.

Siku ya maziko, wakimaliza kunisifu, Levis asimame aseme kwamba Benta hakuwa na chira. Aseme mbegu nilizitia mimi, na kwamba mimi ndiye niliyemharakisha kupanda. Aseme kwa sauti, kwa Dholuo, wazee wote wasikie, kwani aliaibishwa hadharani. Na kabla ya yeyote kula, mpelekeeni Benta jogoo mwekundu, akiwa hai. Nakurudishia shukrani yako, nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Sikustahili kuila.

Unauliza nini, Benta? Sema, nasikia… Ndiyo. Kayongo bado inamea shambani kwako. Hata juzi Ken aliikuta imechipuka.

Usinisamehe kwa sababu nakufa. Kufa si kazi, kila mtu anaweza. Ukitaka, samehe siku utakayovuna.

Wanangu… Mungu awape mikono isiyochoka na midomo isiyoogopa. Mpendane. Mtunzeni mama yenu. Levis, njoo, nipe mkono… asante. Mkono wa mkulima huu.

Bado moja. Nyaboke, hili ni lako, nakuomba, siamuru. Katika boma hili wewe ndiye hutangulia kupanda, ni haki yako tangu nikuoe. Mawingu yale… nayasikia. Mvua ikinyesha, mwaka huu… shikeni mbegu mikononi, simameni ukingoni, majirani wawaone mmesimama. Asiinue jembe mtu. Ngojeni… mpaka Benta apande.