Jeevanjee, Saa Sita Jumamosi

Benchi la Kalondu muuza chai, pale Malili, ni nguzo ya simu iliyolazwa juu ya mawe mawili, mbele kabisa ya kituo cha basi. Hakuna anayeshuka bila kupita hapo, na hakuna anayepita bila kuhojiwa. Ijumaa hiyo ya mwaka wa 1986, Nzomo alikaa katikati na barua ya binti yake Mumbua, karani huko Nairobi: “Baba, njoo bustani ya Jeevanjee Jumamosi saa sita. Kuna mtu nataka umwone.” Nzomo aliyekuwa utingo wa lori, na aliyejigamba miaka yote kwamba Nairobi anaijua kama boma lake, bustani hiyo alikuwa ameipita tu, akiwa juu ya magunia ya maharagwe.

— Pale huingii bila tai, akasema Mathenge mwenye duka, waliyemwita Kilo kwa sababu hata maneno aliyapima.

— Nani alikudanganya? akadakia Kiema, ambaye jina lake la benchi ni Redio. Tai si kitu. Kuna sanamu ya malkia wa zamani wa wazungu. Usipomsalimia, askari anakutoa.

— Anasalimiwa kwa lugha gani? akauliza Kilo.

— Kizungu. Kikamba atajulia wapi?

— Basi Nzomo amekwisha! Kizungu chake ni “rivasi” na “simama hapo.”

Nzomo alicheka nao, lakini barua aliikunja mara ya nne.

— Malkia hana shida, akaendelea Redio. Ogopa wahubiri. Saa sita wako kila kona. Ukisimama kidogo tu, umeokoka.

— Mimi niliokoka mwaka wa sabini na tatu, akasema Nzomo.

— Utaokolewa upya, bwana! Na wapiga picha nao? Anakupiga umefumba macho, halafu picha anaituma kwa posta mpaka kwa mama Mumbua.

— Nimekaa na nani?

— Na malkia!

Benchi zima likatikisika. Redio akapanga waende wote watatu: Kilo abebe mizani, huyo kijana wa Mumbua apimwe hapo hapo kwenye nyasi.

Mbinya, mwalimu aliyehamishiwa Malili juzi tu, alikuwa amesimama akingoja chai yake.

— Wazee, samahani. Kwani Malili ni mbali? Si angemleta tu nyumbani?

Kilo akatazama ndani ya kikombe. Redio akazimika. Wote walimkumbuka yule kijana mrefu wa Desemba, aliyeshuka na Mumbua akiwa amebeba mkate na sukari. Walimsimamisha pale pale. Unajua kukamua? Hebu fungua mdomo tuone meno. Kiema alimpima kiuno kwa kamba ya mbuzi. Kijana alirudi na basi lililofuata, Mumbua nyuma yake, na hawakuja tena hata Pasaka.

— Si tulikuwa tunacheza tu, Kiema akasema polepole.

— Na mimi nilicheka kuwashinda nyote, akasema Nzomo.

Nzomo akainuka, akapangusa suruali.

— Ngoja tukusindikize kesho, mzee. Mpaka kwa lango tu, akasema Kilo.

— Kaeni.

— Sasa huyo kijana utamwambia nini?

Nzomo akafikiri. Maishani mwake hakuwahi kumwomba msamaha mtu mdogo kwake kwa umri.

— Nitaanza na jina lake, akasema. Siku ile tuliuliza yote, hilo hatukuuliza.